Tanuri la Udongo Lataka Msingi Imara

Askari anayejenga tanuri la udongo nyuma ya kota yake, ili watoto wapate mkate pasipo kutegemea duka, anafanya jambo la kusifiwa. Lakini imetubidi tuseme wazi kwamba wengi huharakia kuba na kuuacha msingi uwe kazi ya kulipua. Hilo ni kosa popote, na hapa Kilembe ni kosa kubwa zaidi.

Bonde la Nyamwamba si mahali pa kufanyia mzaha. Mwezi wa Mei 2013, na tena Mei 2020, mto huo ulifurika, ukabingirisha majabali na kubomoa nyumba. Hata hospitali ya Kilembe haikusalimika. Ardhi yenyewe nayo hutetemeka, kama ilivyoonekana Machi 1966 nchi ya Toro ilipotikisika. Kwa hiyo asijenge mtu tanuri ukingoni mwa mto, hata kama udongo mzuri uko huko. Udongo hubebwa kwa karai; tanuri halibebeki.

Kuba lenye upana wa sentimita 70 kwa ndani na unene wa sentimita 10 huzidi uzito wa watu wazima wawili. Mzigo huo ukikalia udongo wa juujuu, mvua hulegeza upande mmoja, na ufa hutokea. Basi na lichimbwe duara la mita 1.2 hivi mpaka ardhi ngumu, lijazwe kokoto na kushindiliwa, ili maji yapate njia. Juu yake uinuliwe ukuta wa mawe hadi kiunoni, kila jiwe likikalia maungio ya yale ya chini, na katikati pajazwe kifusi. Saruji ya Hima iko jirani, nayo yafaa kwa ukuta. Isikaribie moto, maana hupasuka. Mawe ya mviringo ya mtoni hayashikani vizuri, na yaliyonyonya maji yakipata moto huweza kulipuka. Askari hahitaji kuelezwa vipande vinavyoruka hufanya nini.

Linalotutia wasiwasi zaidi ni mchanga wa mgodi. Mgodi wa shaba wa Kilembe, ulioanza kazi katika miaka ya 1950 na kusimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, uliacha malundo ya mabaki bondeni. Mchanga wake ni mwororo, tena haununuliwi, na kwa sababu hiyo humshawishi fundi. Lakini una shaba na kobalti, na ukinyeshewa hutoa maji makali yenye tindikali. Kuutandaza chini ya matofali ambayo mkate wa watoto utalala juu yake ni uzembe, na tunawaomba wakuu wa vituo walikataze jambo hilo waziwazi. Badala yake utandazwe udongo uliochanganywa na maranda ya mbao, unene wa sentimita 10, ili joto lisizame katika mawe na kuni zisiteketee bure. Hapo ndipo yapangwe matofali ya kuchoma.

Wapo watakaosema kwamba askari huhamishwa, kesho yuko Bwera, keshokutwa Karamoja. Ya nini kumjengea mwingine? Sisi twasema kuba la udongo huweza kubomoka na kufinyangwa upya kwa siku chache. Mawe yakipangwa sawasawa hubaki, na mwenzake atakayeingia katika kota ile atakuta kazi nzito imekwisha kufanyika.