Kususa na Kufunga

Kila mzazi anamfahamu mtoto anayesusa. Amenyimwa alichokitaka, basi hwenda kitandani, hugeukia ukutani, na chakula chake hupoa mezani. Tumbo lake ni tupu sawasawa na la mtu aliyefunga, walakini hapana aliye tayari kuiita hali hiyo saumu. Tofauti ya mambo hayo mawili ndiyo tutakayoitazama leo katika maandiko ya Waebrania, na hasa katika sura ya 21 ya Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, ambamo chakula hukataliwa mara tatu, na kila mara kwa sababu nyingine.

Anayesusa ni mfalme. Ahabu, aliyetawala Israeli katika karne ya 9 kabla ya Kristo, alilitamani shamba la mizabibu lililokuwa jirani na jumba lake mjini Yezreeli, apate kuligeuza bustani ya mboga. Mwenye shamba, Nabothi, aliahidiwa shamba jingine lililo bora, ama fedha. Akakataa, kwa kuwa lilikuwa urithi wa baba zake, na kwa Torati ardhi ya ukoo haikuwa bidhaa ya kuuzwa moja kwa moja. Mfalme akarudi nyumbani amenuna, akajilaza, akageuza uso, akakataa kula. Bwana mkubwa mwenye askari na magari ya vita ananuna kwa ajili ya matuta ya mboga!

Mkewe Yezebeli akamwambia ainuke ale, shamba atampatia yeye. Na njia aliyoitumia ni saumu. Aliandika barua kwa jina la mfalme, akazipiga muhuri wake, akawaagiza wazee wa mji wapige mbiu ya kufunga na kumketisha Nabothi mbele ya watu. Hila hiyo hueleweka tukikumbuka desturi ya nchi ile. Torati iliweka siku moja tu katika mwaka ya watu wote kujinyima, nayo ni Siku ya Upatanisho, siku ya kumi ya mwezi wa saba. Saumu nyingine zilitangazwa panapotokea msiba, au vita, au hofu ya kwamba kosa fulani limemkasirisha Mungu. Kwa hiyo mji uliokusanywa kwa saumu ulikuwa tayari kumtafuta mkosaji. Wakasimama mashahidi wawili wa uongo, wakadai kwamba Nabothi amemtukana Mungu na mfalme. Akatolewa nje ya mji, akapigwa mawe hata akafa. Wazee walijua wanachokitenda. Wengine, pengine, walirudi majumbani wakiamini kwamba wametimiza ibada.

Ibada iliyotengana na haki ndiyo inayoshambuliwa katika sura ya 58 ya Isaya. Humo watu wanamlalamikia Mungu: wamefunga, naye hawatazami. Jibu halikugusa idadi ya saa wala masharti ya kufungua. Waliambiwa kwamba siku ile ile ya saumu wanafuata mambo yao, wanawaonea wafanyakazi wao, wanagombana na kupigana ngumi, huku wameinamisha vichwa na kulala juu ya magunia na majivu. Mungu aliitaka saumu ya kuwafungulia walioonewa, kumgawia mwenye njaa mkate, na kumwingiza nyumbani asiye na makao. Kwa hesabu hiyo, chakula asichokula mfungaji hakina budi kionekane mbele ya mtu mwingine. Wayahudi huisoma sura hiyo katika masinagogi asubuhi ya Siku ya Upatanisho, wakiwa hawajala tangu jua la jana yake lilipotua. Nami naona waliochagua saa hiyo walikuwa na busara.

Turudi kwa Ahabu, aliyeshuka kwenda kulitwaa shamba la marehemu. Huko alikutwa na nabii Eliya, akaelezwa waziwazi kwamba ameua na kurithi. Hapo mfalme akayararua mavazi yake, akavaa gunia, akafunga, akawa anatembea kwa unyonge. Ni mtu yule yule na tumbo lile lile, lakini safari hii hakudai kitu. Kwa siku ile moja ya mwaka, Torati hailitumii neno tsom, ambalo ni ndugu wa saumu yetu. Huwaagiza watu waitese nefesh, yaani nafsi, na maneno hayo pia ni ndugu. Nafsi ya Ahabu iliteswa kweli, na Mungu akaiahirisha adhabu hadi siku za mwanawe.

Hapo ndipo ninapotatizika kila nisomapo, maana hakuna panaposemwa kwamba Ahabu alilirudisha shamba. Miaka mingi baadaye mwanawe Yoramu alipouawa na Yehu, maiti yake ilitupwa katika ardhi ile ile, na kitabu kingali kinaiita shamba la Nabothi.