Hofu ya ghafla si mapepo, wala si uoga

Mitihani ya muhula imekaribia, hosteli taa hazizimwi, kila mtu anaogopa kusapu na wengine wanaogopa kudisko kabisa. Sasa msimu kama huu kuna kitu kinaibuka ambacho hapa chuo hatukiiti kwa jina lake. Mtu yupo zake maktaba, au kwenye foleni ya chakula, ghafla moyo unaenda mbio, pumzi haitoshi, kifua kinabana, mikono inatetemeka, anaona kabisa kwamba anakufa. Baadaye kinapita. Wenzake wameshatoa hukumu: mapepo. Wengine wanasema huyo mwoga tu wa mtihani.

Mimi nazipinga hukumu zote mbili. Kimenipata zaidi ya mara moja, na mara ya kwanza nilikuwa nimelala usingizi. Sasa nilikuwa namwogopa nani?

Wataalamu wanakiita shambulio la hofu. Sisi wa ualimu si tunasoma saikolojia jamani? Basi tumkumbuke Walter Cannon, yule Mmarekani ambaye mwaka 1915 alieleza jinsi mwili unavyojiandaa kupigana au kukimbia ukiona hatari. Adrenalini inamwagwa kwenye damu, moyo unaongeza kasi, unahema juu juu. Ukikutana na nyoka shambani, hiyo ndiyo salama yako. Tatizo ni kwamba kengele hiyo inaweza kulia hata kama nyoka hayupo. Ukihema haraka haraka unatoa kabonidayoksaidi kupita kiasi, ndiyo maana vidole vinakufa ganzi na kichwa kinazunguka. Halafu, kama alivyoeleza David Clark wa Uingereza mwaka 1986, unayatafsiri mapigo yale kuwa ni kifo. Hofu inazidi, na mapigo nayo yanazidi.

Chanzo je? Si kimoja. Kuna ya kurithi katika ukoo, kuna msiba, kuna mawazo ya muda mrefu, bumu limechelewa na nyumbani wanakutegemea wewe. Kuna kukosa usingizi, na hiyo kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu tunavyokeshea. Lakini pia matatizo ya tezi ya shingo, upungufu wa damu, pumu na maradhi ya moyo yanaweza kuleta dalili zinazofanana. Kwa hiyo usijitibu kwa kubahatisha. Nenda hospitali upimwe, hasa ikiwa ni mara ya kwanza au kifua kinauma.

Ukishapimwa ukajua ni hofu, siku likikushika usipigane nalo. Kaa, vuta pumzi taratibu kwa pua, itoe polepole zaidi, jiambie litapita. Kwa kawaida linafika kileleni ndani ya dakika 10 hivi, kisha linashuka. Wala usipahame pale lilipokukutia. Leo ukikwepa maktaba, kesho utakwepa daladala, kesho kutwa chumbani hutoki. Likijirudia kuna tiba ya mazungumzo na kuna dawa za daktari, na vyote vinasaidia watu. Ila ukimwambia mtu amwone mshauri, anakuuliza, "Kwani mimi wa Mirembe?" Anayetaka kuombewa aombewe, sina ugomvi naye. Maombi hayajamkataza mtu kwenda hospitali.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Muda si mrefu sisi ndio tutashika chaki. Iko siku mtoto wa kidato cha pili atashikwa na kitu hiki katikati ya kipindi chako. Mwalimu anayejua mapepo na uvivu tu atamfokea au atamchapa mbele ya wenzake, na mtoto anaweza kuichukia shule kwa aibu ile. Mwalimu anayejua atamkalisha kivulini, atahema naye taratibu, atawanyamazisha wanaocheka, kisha atamwita mzazi ampeleke hospitali. Maarifa hayo hayahitaji bajeti ya wizara, yamo kwenye madaftari yetu. Tukiyasoma kwa ajili ya mtihani tu halafu tukaja kuita mapepo huku hosteli, sijui huko mashuleni tutawafundisha nini watoto wa watu.

Naomba kutoa hoja. Someni, wadau, lakini na kulala mlale.