Acheni Kufuta Diski za Watu!

Nimechoka jamani. Kila kijana akisema anataka kujifunza Linux, jibu ni lile lile: "Lete laptopu tuigawe diski." Akiuliza kuhusu mashine pepe, anaambiwa hayo ni mambo ya mabenki na seva kubwa, kikompyuta chake hakiwezi. Ndugu msomaji, huo ni uongo, na leo sinyamazi.

Mwenyewe niliumia. Nikiwa mwanafunzi, nilimpelekea fundi laptopu yangu aniwekee Linux kando ya Windows. Alikosea sehemu ya diski, na mradi wangu wa mwaka wa mwisho ukaenda arijojo. Sikuwa na nakala. Kosa hilo ni langu. Lakini kwa nini tuliigusa diski ile hata kidogo?

Mashine pepe ni nini basi? Kama barua pepe ilivyo barua isiyo na karatasi, mashine pepe ni kompyuta isiyo na bati. Ni programu inayojifanya kompyuta kamili: ina diski, ina kadi ya mtandao, ina skrini. Mfumo endeshi unaousakinisha humo, tuuite mgeni, hudhani uko kwenye mashine yake. Kumbe diski yake ni faili tu ndani ya diski yako! Mgeni akifuta diski yake yote, ameharibu faili moja. Hati zako ziko pale pale. Kabla ya jaribio la hatari unaweza kuhifadhi hali yake, ukiharibu unairudisha. Ukimchoka, mfute.

"Lakini ni polepole!" Zamani hoja hiyo ilikuwa na uzito. Vichakataji vya x86 havikuundwa kwa kazi hii, na VMware walipotoa Workstation mwaka 1999 iliwabidi kutafsiri baadhi ya amri za mgeni papo hapo. Lakini Intel waliweka uwezo huo ndani ya kichakataji chenyewe mwaka 2005, AMD wakafuata 2006. Sasa amri nyingi za mgeni huenda moja kwa moja kwenye kichakataji, bila mkalimani. Tena wazo lenyewe si la jana: IBM walikuwa wakiendesha mashine pepe miaka ya 1960, kwenye kompyuta ambazo kumbukumbu yake haitoshi picha moja ya simu ya leo. Halafu wewe uambiwe laptopu yako haiwezi?

Mara nyingi tatizo ni swichi. Uwezo huo huwa umezimwa kwenye mipangilio ya BIOS. Tafuta VT-x kwa Intel au SVM kwa AMD, uwashe. Dakika mbili, hakuna bisibisi.

Sitakudanganya kwamba kila kitu kinawezekana. RAM haina upepe: unayompa mgeni, wewe huna mpaka umzime. Ukiwa na GB 8, mpe 2 na mambo yataenda. Ukiwa na GB 4, tumia Linux ya maandishi matupu. Michezo mizito, sahau. Mac zenye chipu za M1 na kuendelea hazitaendesha Windows ya x86 kwa kasi. Na hali uliyohifadhi si nakala ya akiba, kwa sababu imekaa kwenye diski ile ile. Diski ikifa, vyote vimekufa.

Walimu nao nawauliza: mbona mwanafunzi anasubiri maabara ndipo ajifunze mitandao? Mashine pepe tatu ndogo kwenye laptopu moja ni mtandao kamili: seva, mteja na ukuta wa moto. Avunje, ajenge, avunje tena. VirtualBox ina toleo la chanzo wazi tangu 2007 na unaipakua bure. Kisingizio ni kipi?

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wetu mpe jembe siku ya kwanza! Na fundi akikwambia "lete tufute", rudisha laptopu kwenye mkoba. Kama hajui kuendesha mashine pepe, diski yako si mahali pa yeye kujifunzia.