MASIKIO YANAYOLIA (Sehemu ya 3): "Utazoea tu" ni ushauri nusu

Sehemu ya kwanza tuliongelea nta na usaha, ya pili dawa zinazoweza kudhuru masikio. Leo naingia kwenye ile mliyoniuliza zaidi: mlio usiokata baada ya muziki mkubwa. Na leo pamoja na somo nitatoa msimamo wangu.

Msimamo ni huu. Kumwambia mwenye mlio "utazoea" ni kweli nusu. Kuzoea kupo, nimewaona waliozoea. Ila hakuna anayezoea huku spika ileile inampiga kila usiku.

Tuelewane kwanza. Ndani kabisa ya sikio kuna seli ndogo zenye vinyweleo, ndizo zinazopokea sauti. Muziki mkubwa unazilaza kama upepo unavyolaza mahindi. Zikipata mapumziko, nyingine zinainuka. Ndiyo maana unatoka kwenye send-ofu masikio yanavuma, kesho yake yametulia. Zikipigwa sana zinakufa, na kwa binadamu hazioti tena.

Hapo ubongo unafanya kama mtu mwenye redio ya betri huku milimani kwetu. Mawimbi yakififia anaongeza sauti, na mkwaruzo nao unapanda. Mkwaruzo huo ndio mlio wako. Kwa hiyo hausengenywi na hujarogwa. Na kwa kuwa redio imefunguliwa mpaka mwisho, hata sauti ya kawaida inaumiza: mfuniko wa sufuria, mtoto akilia, honi ya bodaboda.

Sasa hesabu. Kipimo kinachotumika sana kulinda wafanyakazi ni desibeli 85 kwa masaa 8. Ikipanda desibeli 3, muda unakatwa nusu. Desibeli 88, masaa 4. Ikifika 100, umebaki na dakika 15. Karibu na spika za baa au harusi, 100 inafikika kirahisi.

Halafu mfikirie mhudumu wa baa Makambako, pale barabara ya Zambia inapokutana na ya Songea. Madereva wanapumzika, baa haipumziki. Mteja anakunywa mbili anaondoka. Yeye yupo hapo usiku kucha, siku sita kwa wiki. Nimemhudumia binti wa kazi hiyo. Anashinda na pamba masikioni, usiku halali kwa mlio. Alipomweleza bosi wake akajibiwa: zoea, mbona wenzako wapo?

Wenzake wapo, ndiyo. Na wao hawajapimwa.

Kama ni wewe mwenye mlio, fanya haya:

1. Usilale kwenye ukimya mtupu. Usiku wa Njombe ni kimya na baridi, mlio unajitokeza wenyewe. Weka redio chini sana, chini kidogo ya mlio. Mvua juu ya bati nayo ni dawa ya bure.

2. Toa pamba mchana. Pamba haizuii muziki wa baa, na kujiziba mahali pa kawaida kunaufanya ubongo uzidi kupandisha sauti. Vizibo vya povu, kama vya wanaopasua mbao kwa mashine, vaa penye kelele kweli tu. Sauti za kawaida zirudie taratibu, kidogo kidogo kila siku.

3. Usikae unausikiliza kuona kama umepungua. Kuzoea kunachukua miezi, na ubongo unaachana na kitu usichokiogopa. Mazungumzo na mtaalamu wa afya ya akili yanasaidia sana hapa. Ukifika mahali pa kukata tamaa ya maisha, usinyamaze, njoo utuambie siku hiyohiyo.

4. Usitie mafuta ya taa wala maji ya majani. Na anayekuuzia kidonge cha kuufuta mlio kabisa anakula hela yako.

5. Usikivu ukipotea ghafla, nenda hospitali siku hiyo, usisubiri wiki. Mlio wa sikio moja tu, unaodunda na moyo, au wenye kizunguzungu, omba rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Hiyo ni sehemu ya mgonjwa. Sasa sehemu yenu wenye spika.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi, na baa ni mahali pa kazi. Kanuni za kelele za mwaka 2015 zimeweka viwango vya mchana na vya usiku. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa kumbi za muziki: wastani usizidi desibeli 100, liwepo eneo tulivu la kupumzisha masikio, watu wapewe vizibo.

Najua mtasema, nesi, bila mziki mkubwa wateja hawaji. Sawa. Mziki ubaki, ila spika igeuzwe isiitazame kaunta. Wahudumu wapokezane, huyu ndani, yule nje. Nunueni vizibo. MC wa harusi, usikubali watoto wachezee mbele ya spika. Na makanisa yetu yenye vyombo, hili linawahusu pia. Sikio halijui kama ni kwaya au Bongo Fleva.

Hakuna hata moja hapo linaloua biashara. Kinachokosekana ni kumhesabu anayebeba sahani kuwa naye ana masikio.

Mfikishie huu ujumbe mwenye baa unayemfahamu. Sehemu ya 4 ni eafoni kwa wanafunzi. Usiku mwema, na punguza hiyo redio.