Tufundishe Homeostasisi kwa Kuuchunguza Ugonjwa wa Kisukari

Makala haya yanakusudia kutoa rai moja tu: kwamba somo la homeostasisi, yaani uwezo wa mwili wa kudumisha hali yake ya ndani bila kuyumba, lisianze na maana iliyoandikwa ubaoni, bali lianze kwa kuwaongoza wanafunzi kuchunguza jinsi ugonjwa wa kisukari unavyouvuruga uwezo huo. Mifano yangu ni ya Bukoba na Muleba, ambako nimefundisha. Mwalimu wa mahali pengine aweza kuibadili kulingana na mazingira yake.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, katika shule moja ya Muleba, nilikuwa na mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyeomba ruhusa ya kutoka mara mbili au tatu katika kila kipindi. Mara akanywe maji, mara aende msalani. Nilimdhania mvivu anayelikimbia somo, na siku moja nikamkatalia mbele ya wenzake. Juma hilohilo nilikuwa nimeandika ubaoni maana ya homeostasisi kwa Kiingereza, naye akainakili vizuri. Katika jaribio la Ijumaa alipata alama zote za swali hilo. Jumatatu iliyofuata alikutwa bwenini akihema kwa nguvu, pumzi yake ikinukia kama matunda yaliyoiva mno, akapelekwa hospitali hali hajitambui. Alipona, na tangu hapo anaishi kwa sindano za insulini. Lakini mimi nilibaki na aibu. Somo lilikuwa limeketi mbele yangu, nami nililifundisha bila kuliona.

Kwa nini tuanze na ugonjwa? Kwanza, ni kwa sababu kitu kinachofanya kazi vizuri hakionekani. Mtu mwenye afya hana habari na kongosho lake, kama vile msafiri asivyolifikiria daraja mpaka siku alikutapo limevunjika. Historia ya elimu hii yenyewe inashuhudia jambo hilo. Ni kweli kwamba Claude Bernard wa Ufaransa alikwisha kueleza katika karne ya 19 wazo la mazingira ya ndani ya mwili. Lakini kazi ya kongosho katika kutawala sukari ilidhihirika mwaka 1889, Oskar Minkowski na Joseph von Mering walipomwondolea mbwa kiungo hicho mjini Strasbourg, naye akapata kisukari. Mwaka 1921 Frederick Banting na Charles Best walitoa katika kongosho za mbwa dawa iliyoshusha sukari, huko Toronto; na Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa mgonjwa wa kwanza kutibiwa kwayo. Neno lenyewe, homeostasisi, lilibuniwa na Walter Cannon wa Marekani mwaka 1926. Maana yake ni kwamba wataalamu waliuona uharibifu kabla ya kulipata neno. Sisi twawapa watoto neno kwanza, kisha twashangaa kwamba hawauoni uharibifu.

Pili, kisukari ni mlango mmoja unaofungua vyumba vingi. Baada ya mlo, sukari ya damu hupanda. Kongosho hutoa insulini, misuli huichukua sukari hiyo, na ini huweka akiba. Mtu asipokula usiku kucha, homoni nyingine ya kongosho, glukagoni, huliamuru ini litoe akiba yake. Insulini inapokosekana, au mwili usipoitii, sukari hujaa katika damu. Ikizidi kiasi cha milimoli 10 kwa lita, figo hushindwa kuirudisha yote, nayo hutoka katika mkojo na kuvuta maji pamoja na chumvi. Ndipo kiu isiyokatika. Insulini ikikosekana kabisa, mwili huyeyusha mafuta yake kwa wingi, asidi huongezeka katika damu, na mgonjwa huhema sana ili kuipunguza. Hivyo katika ugonjwa mmoja mwanafunzi anakutana na sukari, maji, chumvi na asidi, ambavyo aghalabu twavifundisha kama mambo yasiyojuana.

Kwa watoto wa Kagera mfano haupo mbali. Mhaya hakuhitaji ghala la ndizi, kwani kibanja chenyewe ni ghala: mkungu hukatwa siku unapohitajika. Basi ini ni kama kibanja hicho. Katika kisukari cha aina ya kwanza, ambapo mwili umeziharibu chembe zake zinazotengeneza insulini, mikungu huendelea kukatwa na kurundikwa uani, na hali mlango wa nyumba umefungwa na watu wa ndani wana njaa. Katika aina ya pili ufunguo upo, lakini kitasa ni kigumu. Mwalimu aueleze pia upungufu wa mfano huu, wanafunzi wasije wakafikiri kwamba ndizi ndizo zinazoleta ugonjwa.

Uchunguzi wenyewe hauhitaji maabara kubwa. Wanafunzi waanze na hesabu: mtu mzima ana damu yapata lita 5, na sukari yake kabla ya kula ni kama milimoli 5, yaani gramu 0.9, kwa kila lita. Watapata gramu 4.5 tu, kadiri ya kijiko kimoja cha chai! Wajiulize: sahani ya ndizi ina wanga wa vijiko vingapi, na kwa nini damu haigeuki sharubati? Kisha watie matone ya ayodini juu ya ndizi mbichi na juu ya ndizi iliyoiva sana, walinganishe rangi. Kila mtoto wa Bukoba ajua kwamba ndizi za kukamua rubisi huivishwa kwanza. Sasa atajua kwamba wanga umegeuka sukari. Halafu watoboe tundu ubavuni mwa kopo na kumimina maji taratibu: maji hayatoki mpaka yafikie tundu, na ndivyo figo zinavyoanza kupitisha sukari. Mwisho wamwalike mganga au muuguzi wa zahanati iliyo karibu, wakiwa na maswali waliyoyaandaa wenyewe.

Kuna mipaka ya kuheshimu. Mwanafunzi asichomwe kidole wala kutakiwa mkojo darasani. Mgonjwa asitajwe jina. Na mwalimu asijifanye tabibu. Kazi yake ni kutambua dalili na kumpeleka mtoto hospitali upesi.

Baadhi ya walimu watasema kwamba madarasa yamejaa na mtihani hauulizi habari za kopo lenye tundu. Hoja ya wingi wa wanafunzi ni ya kweli, ila kopo moja latosha kundi la watu kumi. Ama kuhusu mtihani, mwanafunzi aliyeufuatilia mfumo ulipovunjika ataweza kuueleza ulipo mzima. Yule aliyekariri maana peke yake hukwama swali linapogeuzwa kidogo. Tangu Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 tumekuwa tukiambiwa tujenge akili ya kudadisi. Hatuwezi kuijenga kwa imla.

Wala jambo hili si la mtihani tu. Uchunguzi wa miaka ya 1980 katika vijiji sita vya Tanzania, uliochapishwa mwaka 1989, uliwakuta na kisukari watu wasiofikia mmoja katika kila 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kiasi cha watu 9 katika kila 100 wa umri wa miaka 25 hadi 64. Maeneo na vipimo havikuwa sawa, kwa hiyo tusizilinganishe tarakimu hizi kama mizani miwili ya duka moja. Hata hivyo hakuna anayeweza kusema tena kwamba kisukari ni ugonjwa wa matajiri wa mjini. Wanafunzi wetu wanao bibi, wajomba na majirani wanaougua. Wakirudi nyumbani wakiwa na neno la Kiingereza pekee, hawatakuwa na la kuwaambia.

Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu, na hasa ninyi mnaojiandaa vyuoni, mjaribu njia hii muhula ujao, kisha mtuandikie mlichokiona, hata kama ni kushindwa. Nami sasa mwanafunzi akiomba ruhusa ya kwenda kunywa maji kwa mara ya tatu katika kipindi kimoja, simkatalii. Namruhusu, kisha baada ya kipindi namwita kando na kumwuliza: tangu lini?