Jiwe la Ukingoni Halijatulia

Wapenzi wa lugha, nina ugomvi na neno moja dogo: tuli.

Nilikuwa Kharumwa, makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale mkoani Geita, kwa jamaa zangu wachimbaji wadogo wa dhahabu. Duara lao lina kina cha mita 30 hivi. Mtu wa juu huvuta kiroba cha mawe kwa winchi ya mkono, naye hutoka jasho kwa kuwa dunia inavuta upande wake. Hiyo ndiyo kani ya mvutano: kila kilo moja huvutwa chini kwa nyutoni 9.8. Jasho hilo haliendi bure. Kiroba kikifika juu, kazi iliyokipandisha imewekwa ndani yake. Zidisha kilo kwa 9.8, kisha kwa mita za kimo. Kiroba cha kilo 50 kimebeba jouli 14,700.

Akiba hiyo ndiyo tunayoiita "nishati tuli", na hapo ndipo ninapokataa. Kutulia kunahusika vipi? Kiroba kinachopanda hakijatulia, na tayari kinaikusanya nishati hiyo mita kwa mita. Jiwe lililolala chini kabisa ya duara limetulia kuliko yote, nalo halina mahali pa kuangukia. Kinachohesabiwa ni kimo. Najua mtetezi atanijibu kwa methali: kimya kingi kina mshindo mkuu. Vyema, lakini kimya cha jiwe la chini nacho ni kingi, na mshindo hakina.

Nisingelivalia njuga jambo hili kama si mpwa wangu, aliyemaliza darasa la saba. Alikuwa ameketi karibu na mdomo wa duara, jiwe la kilo mbili likiwa ukingoni, na watu wakiwa chini. Nilipomkemea alinijibu kwa adabu: "Mjomba, hili lina nishati tuli. Limetulia." Alikuwa amelisoma neno kama lilivyoandikwa! Jiwe hilo likidondoka, tukiacha ukinzani wa hewa, hufika chini kwa kasi ya kilomita 87 kwa saa, na liwe la kilo mbili au la nusu kilo, kasi ni ileile.

Napendekeza tuseme "nishati akiba", kwa sababu hata manati iliyovutwa inayo, ingawa haina kimo. Ile itokanayo na mvutano wa dunia iwe "akiba ya kimo". Mtu wa winchi hakukubaliana nami. "Akiba ni ya mwenye nayo, mwalimu," alisema. "Hili ni deni, na anayelipa yuko chini." Tangu siku hiyo nasitasita kati ya akiba na deni. Mwenye jina linalofaa zaidi na alilete. Tuli nimekwisha kuliacha.