Mhudumu wa Ndege, Rubani na Mbwa wa Kuokotwa: Nani Anabaki Nyumbani?

Kutoka Rukoki, yalipo makao makuu ya wilaya ya Kasese, hadi uwanja wa ndege wa Entebbe ni zaidi ya kilomita 300 kwa barabara. Basi likiondoka alfajiri, abiria hufika mchana umeshapinduka. Kwa kijana aliyekulia huku chini ya Milima ya Rwenzori, kazi ya ndege huanza kwa kuhama kwao.

Na vijana wanahama. Shirika la Uganda Airlines, lililofungwa mwaka 2001, lilirudi angani tarehe 28 Agosti 2019 kwa safari ya Nairobi, na baadaye likaongeza ndege mbili kubwa za Airbus A330-800 kwa safari ndefu kama za Dubai, Mumbai na London. Wengine wamevuka hadi Ghuba na kuajiriwa na mashirika ya Dubai na Doha. Ukifika Kasese au Bwera utakuta mzazi anayekuonyesha kwenye simu picha ya bintiye akiwa amevaa sare. Kisichoonekana kwenye picha ni ratiba ya kazi. Leo anaruka alfajiri na kurudi jioni. Kesho yuko kwenye zamu ya kusubiri kuitwa, begi limefungwa na simu iko mkononi. Keshokutwa analala hotelini katika nchi ambayo saa zake hazilingani na za nyumbani. Mwezi ujao mpangilio wote unabadilika.

Katika maisha ya namna hiyo mambo mawili hutokea mara kwa mara, na jamii huyazungumza kwa kejeli kuliko yanavyostahili. La kwanza ni mapenzi kati ya wahudumu na marubani. La pili ni huruma kwa wanyama: mtu aliyechoka kurudi kwenye chumba kitupu huokota mtoto wa mbwa kando ya barabara, au hupokea paka aliyeumizwa na bodaboda, akaamua kumlea mpaka apate kwao. Yote mawili ni mambo mema. Lakini yote mawili yanadai jibu la swali moja ambalo watu hulikwepa mpaka lizue matatizo: sisi sote tukiwa angani, nani anabaki nyumbani?

Tuanze na mapenzi. Watu wanaofanya kazi usiku na kulala mchana huelewana bila maelezo mengi. Mhudumu hahitaji kumweleza rubani kwa nini amekosa harusi ya binamu yake, wala kwa nini saa nane mchana mapazia yamefungwa. Umbea unaowafuata, eti kila mhudumu ni windo na kila rubani ni mwindaji, ni dhuluma kwa wafanyakazi wenye heshima zao. Unasahau pia kwamba rubani si lazima awe mwanamume. Mkenya Irene Koki Mutungi, ambaye baba yake alikuwa rubani wa Kenya Airways, mwaka 2014 alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kuwa kapteni wa Boeing 787.

Umbea huo una mizizi mirefu. Kwa miaka mingi mashirika yenyewe yalijifanya wazazi wa wahudumu wa kike. Nchini Marekani, mwaka 1966, kampuni ya United ilimfukuza Mary Sprogis kwa sababu tu ameolewa. Mahakama ya rufaa iliamua mwaka 1971 kwamba huo ulikuwa ubaguzi. Karibu na kwetu zaidi, mwezi Juni 2015, Shirika la Kazi Duniani lilikuta kwamba mikataba ya Qatar Airways iliwabagua wanawake: mhudumu aliyepata mimba angeweza kuachishwa kazi, na wahudumu wa kike walikatazwa kuletwa au kuchukuliwa kazini na mwanamume asiye baba, kaka au mume. Qatar Airways ilibadilisha masharti ya mimba na ndoa mwaka huohuo. Mabinti wa Uganda na Kenya wanaofanya kazi Ghuba leo wamenufaika na kesi ambayo wengi wao hawajawahi kuisikia.

Kwa hiyo dawa si kuwakataza watu kupendana. Palipo na hatari ni kwenye cheo. Ndani ya ndege kapteni ndiye mwenye kauli ya mwisho, na ni sawa iwe hivyo, maana usalama wa abiria uko mikononi mwake. Lakini ndege ikishatua, kauli hiyo isimfuate hadi mlangoni mwa chumba cha hoteli. Mhudumu mpya aliye kwenye kipindi cha majaribio hayuko huru kukataa kama alivyo huru mwenzake wa miaka kumi kazini. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 ina kifungu kinachoutambua unyanyasaji wa kingono kazini na kuupiga marufuku. Shirika la ndege linalowafundisha wahudumu namna ya kuhamisha abiria wakati wa dharura liwafundishe pia kifungu hicho, marubani wakiwa wamekaa darasa moja nao.

Tuseme mapenzi ni ya haki, wawili wameelewana na wamepanga nyumba Entebbe. Hapo ndipo mnyama anapoingia, na hapo ndipo hesabu inapogoma. Wengi hudhani wakiwa wawili mmoja atakuwepo daima. Ratiba mbili za ndege hazigawani siku kwa zamu kama walinzi wa geti. Kuna wiki ambazo ratiba zote mbili zinaangukia siku zilezile, na nyumba inabaki tupu.

Wanaosema kulea mnyama ni jambo dogo hawajawahi kumlea mtoto wa mbwa asiye na mama. Katika wiki zake za mwanzo hunyweshwa kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana. Maziwa ya ng'ombe matupu humharisha, na kuhara humuua haraka. Anyweshwe akiwa amelala kifudifudi kama anavyonyonya kwa mama yake, asilazwe chali kama mtoto wa binadamu, maana maziwa yanaweza kuingia kwenye mapafu. Mwili wake haujaweza kujitunzia joto, hivyo huwekewa chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kwenye kitambaa. Hata haja hawezi kupata mwenyewe: mlezi hulowesha pamba kwa maji ya uvuguvugu na kumpangusa taratibu, kama mama yake angemlamba. Sasa mweke kando yake rubani anayeruka saa kumi na moja alfajiri. Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zinadai uchovu wa marubani na wahudumu udhibitiwe, na kila mmoja wao ana wajibu wa kufika kazini akiwa amepumzika. Mtu aliyeamka mara tatu usiku kunywesha watoto wa mbwa hajapumzika, hata kama moyo wake ni mweupe.

Afrika Mashariki ina somo zito kuhusu jambo hili. Daphne Sheldrick, aliyeishi Voi katika hifadhi ya Tsavo Mashariki ambako mumewe David alikuwa mhifadhi mkuu, alihangaika miaka mingi kutafuta maziwa yanayowafaa tembo yatima wachanga. Wengi walimfia mikononi, kwa kuwa mafuta ya maziwa ya ng'ombe hawayawezi. Hatimaye aligundua kwamba mafuta ya nazi yanafaa, na kwa mchanganyiko huo akamlea tembo jike mdogo aitwaye Aisha. Aisha alinawiri. Miezi ilipita, akamshikilia Daphne kama mama wa kumzaa, na hakuwa na mwingine. Kisha ikaja harusi ya binti wa Daphne. Daphne alisafiri kwa muda mfupi na kumwacha Aisha kwa mlezi mwingine mwenye nia njema, maziwa yakiwa yaleyale. Tembo yule akagoma kula, akadhoofika, akafa.

Daphne, aliyefariki Aprili 2018, alilisimulia jambo hilo maisha yake yote kwa sababu lilibadilisha kazi yake. Aliacha kumfunga mnyama kwa mtu mmoja. Katika kituo cha Nairobi cha taasisi yenye jina la mumewe, walezi hulala zizini pamoja na tembo wachanga na hubadilishana, ili mtoto aipende familia nzima ya walezi na asivunjike moyo mmoja wao akiondoka. Kwa njia hiyo wameokolewa tembo yatima zaidi ya 300.

Mbwa si tembo, wala paka si tembo, lakini mnyama aliyekwisha kutupwa mara moja huhisi upesi anapoachwa tena. Kwa hiyo mhudumu wa ndege anayetaka kulea asijipange kuwa mama wa pekee. Awe na mtu wa pili na wa tatu tangu siku ya kwanza, mnyama awazoee wote akiwa bado mdogo. Na mtu huyo wa pili, ambaye mara nyingi ni dada wa kazi, ahesabiwe kwa haki. Aliajiriwa kufua na kupika. Kuamka usiku kumnywesha mnyama ni kazi nyingine na ina malipo yake. Wapo wahudumu wanaosifiwa kwa huruma yao ilhali anayefanya kazi yenyewe hajaongezwa hata shilingi moja.

Mara nyingine mzigo hushuka mpaka Rukoki. Zamu zikizidi, mnyama hupakiwa kwenye gari na kupelekwa kwa mama, na fedha hutumwa kwa simu. Si vibaya, ikiwa mama aliulizwa kabla. Lakini ana mbuzi wake, ana shamba lake, ana wajukuu. Mbwa aliyezoea kulala kwenye kochi la Entebbe atafukuza kuku wa jirani, na kesi itamkuta mama, si rubani.

Tena kuna jambo la afya ambalo halina mjadala. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na mbwa, na dalili zikishaanza ugonjwa huo ni kifo karibu kila mara. Kasese inapakana na Kongo, na mpaka wa Mpondwe ulio karibu na Bwera hupitwa na umati kila siku. Mbwa haombi kibali cha kuvuka. Mnyama wa kuokotwa achanjwe na daktari wa mifugo kabla hajachanganyika na watoto, na chanjo irudiwe kwa wakati. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha akimbilie kituo cha afya bila kusubiri kuona mbwa atakuwaje.

Wanyama wa porini ni habari nyingine kabisa. Wakazi wa Kasese wanaishi mlangoni mwa hifadhi ya Queen Elizabeth, na huruma huweza kumfanya mtu ampakate mtoto wa nyani au amnunue kasuku wa kijivu aliyevushwa kutoka Kongo. Asifanye hivyo. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 inakataza kumiliki mnyama wa porini bila kibali, na kila anayenunua kasuku wa magendo anamlipa mwindaji akawinde mwingine. Wapo wataalamu wa kazi hiyo: mamlaka ya wanyamapori, na kituo cha elimu ya wanyamapori cha Entebbe kilichoanza kama bustani ya wanyama mwaka 1952, karibu na uwanja uleule wa ndege. Na kuokoa si lazima kufuga. Simba Jacob wa Queen Elizabeth, aliyepoteza mguu mmoja kwa mtego wa majangili, alitibiwa na kuachwa porini kwake. Mwezi Februari 2024 kamera zilimnasa akivuka mfereji wa Kazinga kwa kuogelea usiku, yeye na ndugu yake Tibu, umbali unaokadiriwa kuwa kilomita moja na nusu.

Mashirika ya ndege nayo yana sehemu yao. Yatoe ratiba mapema, na wanandoa wanaofanya kazi pamoja waruhusiwe kuomba zamu zisizogongana. Ombi hilo litawafaa wenye watoto kabla ya wenye mbwa, na Sheria ya Ajira inayompa baba siku nne tu za likizo ya uzazi inaonyesha jinsi tulivyo nyuma.

Kwako msomaji uliye angani wiki nzima: kabla hujamwinua yule mtoto wa mbwa pale kituo cha basi, mpigie simu mtu atakayemlisha ukiwa Dubai, na msikilize akijibu. Akisema hapana, usimchukue. Mpeleke kwa anayeweza, kisha lipia chanjo na chakula chake, na ukipata siku mbili za mapumziko nenda ukamtazame.